Nyama za paja zikichanika: maswali ninayoulizwa kila wikiendi

Jumatatu asubuhi humjua aliyecheza bonanza jana kabla hajafungua mdomo. Anaingia akichechemea, mkono mmoja umeshika nyuma ya paja, na swali lake la kwanza ni lilelile: "Wikiendi ijayo nitacheza?" Nafanya kazi ya fiziotherapia Dar es Salaam, na Jumapili mimi mwenyewe ni beki wa timu ya maveterani. Haya ni maswali ya kliniki na ya kando ya uwanja, yamechanganyika kama yanavyonijia.

Hizo "nyama za paja" ni nini hasa?

Mtangazaji akisema mchezaji anasumbuliwa na nyama za paja, mara nyingi anamaanisha kundi la misuli mitatu iliyo nyuma ya paja. Makocha huiita hamstringi. Inaanzia kwenye mfupa wa kukalia, ule unaouhisi ukikaa muda mrefu kwenye benchi la mbao, inashuka na kuvuka goti. Mmoja unajishikiza upande wa nje wa goti, miwili upande wa ndani. Kunja goti, pitisha vidole nyuma yake: zile kamba mbili ngumu, huku na huku, ndizo kano zake. Misuli hii hukunja goti na pia huusukuma mguu nyuma, na kwa kuwa inavuka nyonga na goti, ukiinama huku goti limenyooka inavutwa juu na chini kwa wakati mmoja.

Hakuna aliyenigusa, nilikuwa nakimbia tu. Kwa nini ichanike?

Kwa sababu ulikuwa unakimbia. Wengi hudhani msuli huchanika wakati wa kusukuma ardhi. Mara nyingi si hivyo. Mtazame mtu anayekimbia kwa kasi yote: mguu umetupwa mbele, goti linafunguka, unyayo bado uko hewani. Hapo mundi, yaani mguu kuanzia goti kushuka, unarushwa mbele kwa nguvu, na lazima kitu kiuzuie goti lisifunguke kupita kiasi. Kazi hiyo ya breki ni ya misuli ya nyuma ya paja. Inavuta huku yenyewe inarefushwa, na yote hayo yanatokea ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Unaoumia zaidi kwenye mbio ni ule wa upande wa nje.

Mzigo huo haupandi taratibu. Kutoka asilimia 80 ya kasi yako hadi 100 unapanda ghafla mno. Ndiyo maana mtu anaweza kukimbia kilomita 10 za joging Jumamosi bila shida, halafu Jumapili akafukuzia mpira mmoja mrefu akabaki ameshika paja. Usain Bolt mwenyewe alimaliza safari yake hivyo: Agosti 2017 London, mbio za kupokezana mita 100 mara nne, yeye akiwa wa mwisho. Alipokea kijiti, akaanza kufungua hatua, mguu wa kushoto ukakataa, akaanguka kabla ya kufika utepe.

Kuna aina nyingine isiyohitaji kasi: kupiga teke la juu, kuteleza kuufuata mpira, kupasua msamba kwenye ngoma au karate. Huko msuli huvutwa kupita urefu wake, na jeraha hukaa juu, karibu na tako. Siku ya kwanza halitishi sana. Baadaye ndilo linalochelewa kupona kuliko la mbio.

Nitajuaje kama nimechanika au nimebanwa tu na misuli?

Misuli kubana huja polepole, mara nyingi dakika za mwisho ukiwa umechoka. Unaona nyama imejikunja kama ngumi, mwenzako anakunyoosha mguu, inaachia. Kuchanika kuna dakika yake. Muulize aliyechanika atakuambia ilikuwa hatua ipi, karibu na mstari upi. Wengine husikia "ta!", wengine hugeuka nyuma wakidhani wamepigwa jiwe.

Baada ya hapo unakuta sehemu moja inayouma ukiibonyeza kwa kidole, na ukilala kifudifudi ukakunja goti huku mtu anakuzuia, maumivu yanaamka palepale. Ukinyooshwa na mwenzako, badala ya nafuu unapiga kelele. Hapo mwambie aache.

Mbona weusi umetokea siku ya tatu, tena nyuma ya goti wakati jeraha liko juu?

Damu iliyovuja ndani hufuata mteremko. Haimaanishi kwamba jeraha limehama au limeongezeka.

Wanasema daraja la kwanza, la pili, la tatu. Mimi niko wapi?

La kwanza ni nyuzi chache: unatembea, lakini ukijaribu kukimbia paja linakukataza. La pili, sehemu kubwa zaidi imechanika: unachechemea, nguvu zimepungua, weusi unaweza kutokea. La tatu, msuli au kano imekatika kabisa, au imeng'oka kwenye mfupa. Kukaa kunauma, kutembea ni shida, na pengine ukipapasa unahisi shimo.

Mimi siyategemei sana madaraja haya siku ya kwanza. Mtu akiwa bado na joto la mechi hupimika vibaya, na mwoga wa maumivu hupimika vibaya zaidi. Napenda kumwona tena siku ya tatu au ya nne. Kinachonisaidia kukisia ni vitu viwili: inakuchukua siku ngapi kutembea bila kuchechemea, na jeraha liko karibu kiasi gani na mfupa wa kukalia. Kadiri lilivyo juu, ndivyo nawaandaa watu kwa subira.

Siku mbili za mwanzo nifanye nini? Nyumbani wameshachemsha maji.

Waambie ahsante, maji wakaogee. Najua swali hili linagusa heshima ya mama na bibi, maana kukanda kwa maji ya moto ndiyo tiba ya kwanza ya nyumba nyingi. Kwa mgongo uliokaza au shingo iliyolaliwa vibaya sina ugomvi nayo. Lakini kwa msuli uliochanika leo, mishipa midogo ya damu imekatika na bado inavuja. Joto huifungua zaidi. Hali ni hiyohiyo kwa kuchuliwa. Nimewahi kupokea kijana aliyechuliwa usiku uleule wa mechi na mzee anayesifika mtaa mzima, kwa dole gumba na mafuta ya moto, mpaka jasho likamtoka mchuaji. Paja lake asubuhi lilikuwa limejaa kiasi kwamba suruali haikupita. Jeraha la wiki tatu lilichukua karibu mara mbili.

Fanya hivi badala yake. Toka uwanjani, usijaribu "kuona kama itapoa". Funga bandeji ya kuvutika kuanzia juu kidogo ya goti kupanda, iwe imebana bila kukufanya uhisi ganzi. Ukilala, weka mguu juu ya mto. Barafu ile ya mfuko wa duka la mtaani inafaa kutuliza maumivu: ifunge kwa kitambaa, dakika 10 hadi 15, rudia baada ya saa mbili au tatu. Usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi. Barafu haiponyi msuli, inatuliza tu, kwa hiyo ukiikosa hujapoteza kitu kikubwa.

Pia usilale kitandani wiki nzima. Kuanzia siku ya pili au ya tatu tembea hatua fupi kadiri maumivu yanavyoruhusu. Msuli ulioachwa bila kazi yoyote hupona ukiwa dhaifu.

Naruhusiwa kuchoma sindano ya diklofenaki nicheze?

Hapana. Inayozimika ni kengele, moto uko palepale. Kwa maumivu ya siku za mwanzo parasetamoli huwatosha wengi. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kudhuru tumbo na figo, hasa ukiwa na vidonda vya tumbo, presha, ugonjwa wa figo, ujauzito, au ukiwa umekaukiwa maji baada ya kukimbia juani. Muulize mfamasia kabla, na mwambie dawa nyingine unazotumia.

Lazima nipige picha?

Kwa walio wengi, hapana. Historia na mikono ya anayejua kupima vinatosha. Eksirei haionyeshi msuli. Inatafutwa pale tunapohofia mfupa. Ultrasaundi inaweza kuonyesha mchaniko na damu iliyokusanyika. MRI ndiyo inayoona vizuri zaidi, na bei yake unaijua. Naiomba pale ninaposhuku kano imeng'oka, kwa sababu hapo jibu linabadilisha tiba. Kama jibu halitabadilisha chochote, fedha hiyo ipeleke kwenye nauli ya kuja mazoezini.

Ni lini nisisubiri, niende hospitali?

Ukishindwa kukanyaga mguu. Ukisikia mlio mkubwa chini ya tako na kisha kukaa kukawa mateso. Ukiona shimo au bonge, au weusi mkubwa uliotanda paja zima. Ukipata ganzi au kuchomachoma kunakoshuka hadi unyayoni, au unyayo ukawa mzito kunyanyua. Kano iliyong'oka kwenye mfupa wakati mwingine inahitaji upasuaji, na kuirudisha ni rahisi zaidi ndani ya wiki chache za mwanzo kuliko baada ya miezi, ikiwa imeshajikunja na kushikana na vitu vingine.

Kitu kingine ambacho si jeraha la msuli kabisa: mguu mmoja ukivimba, hasa kwenye shavu la mguu, ukawa wa moto na unauma bila wewe kukumbuka kuumia, inaweza kuwa damu imeganda ndani ya mshipa. Hiyo haichuliwi hata kidogo. Ni hospitali siku hiyohiyo, na ukianza kubanwa na kifua au kukosa pumzi, saa hiyohiyo.

Mwanangu ana miaka 15, kaumia kwenye mazoezi ya UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari. Ni yaleyale?

Si lazima. Kwa kijana anayekua, pale kano inaposhika kwenye mfupa wa kukalia pana sehemu ya mfupa ambayo bado haijakomaa, na ni laini kuliko kano yenyewe. Akivuta ghafla, kinachoachia kinaweza kuwa kipande cha mfupa. Kwa hiyo kijana aliyesikia mlio chini ya tako, akawa anakaa darasani kwa tako moja, huyo apigwe eksirei. Walimu wa michezo wananisamehe, lakini "amevuta msuli, atapoa" ni kauli niliyoisikia mara nyingi juu ya watoto ambao hawakuwa wamevuta msuli.

Nitapona baada ya siku ngapi?

Daraja la kwanza, wiki moja hadi tatu. La pili, tatu hadi nane. La tatu ni miezi mitatu na kuendelea, na kama kumefanyika upasuaji, hesabu miezi sita. Ukinibana nikupe tarehe nitakataa. Kalenda haijawahi kukimbia mita 30 kwa kasi.

Mazoezi yaanze lini, na yapi?

Yaanze mapema, siku ya tatu hadi ya tano kwa majeraha madogo. Kipimo changu ni maumivu kutoka 0 hadi 10. Zoezi likileta 2 au 3, likatulia, na kesho yake hujaamka na hali mbaya zaidi, endelea. Likizidi hapo, punguza.

Naanza na zoezi linaloitwa daraja: lala chali, magoti yamekunjwa, visigino chini, nyanyua kiuno, kaa sekunde tano, shuka. Likiwa rahisi, sogeza visigino mbali na tako. Utahisi kazi inahama kutoka kwenye matako kwenda nyuma ya paja. Kisha mguu mmoja. Kisha kisigino kimoja juu ya kiti, kingine hewani. Nyumbani tunatumia pia sakafu yenye vigae na kitambaa cha deki chini ya visigino: nyanyua kiuno, telezesha miguu mbele polepole mpaka inyooke, shusha kiuno, rudi, anza tena. Kijana mmoja aliniambia hilo ni zoezi la kitoto. Alifanya manne akaomba maji.

Sambamba na hayo, kuinama kutoka kwenye nyonga, mgongo umenyooka, ukishika ndoo au dumu la lita tano mwanzoni, baadaye zito zaidi. Na kutembea kugeuke joging mara tu unapotembea haraka bila kuchechemea. Watu hupenda sana mazoezi ya kulala chali na kuahirisha kukimbia, lakini huwezi kuuandaa msuli kwa mbio bila mbio.

Nijinyooshe sana ili msuli usikakamae?

Polepole. Wiki ya kwanza kujinyoosha kwa nguvu ni kufungua kidonda kinachojishona. Baadaye nyoosha kwa upole, kwa mwendo, si kwa kuvutwa na mtu. Na kama maumivu yako yako juu kabisa, pale kwenye mfupa wa kukalia, kuinama kugusa vidole kila asubuhi kunaweza kuwa ndiko kunakokuweka mgonjwa.

Siumwi tena. Si nimepona?

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, na mimi nimo. Miaka kadhaa iliyopita nilichanika daraja la kwanza. Siku ya tisa sikuwa na maumivu hata chembe. Nilipanda ngazi, nikaruka kamba, nikawaambia wenzangu kwa sauti ya mtaalamu kwamba niko sawa. Dakika ya 20 mpira mrefu ukapita juu ya kichwa changu, nikageuka kumfukuzia kijana wa miaka kama 22. Hatua ya sita, "ta!" Sentimita mbili tatu juu ya pale pa zamani. Nilikaa nje wiki saba kwa jeraha lililotaka tatu, na wagonjwa wangu waliokuwa wakinitazama wamenikumbusha hadi leo.

Maumivu huondoka mapema. Nguvu ya kufunga breki huchelewa. Kovu jipya bado halijazoea kuvutwa, na wewe mwenyewe umekaa bila kukimbia kwa kasi, hivyo hata sehemu nzima ya msuli imelegea. Ukiwahi kuumia hapo, wewe una hatari kubwa kuliko ambaye hajawahi, na wiki za mwanzo baada ya kurudi ndizo mbaya zaidi. Mohamed Salah, mwenye madaktari wa Liverpool nyuma yake, aliumia Januari 2024 Misri ilipocheza na Ghana kwenye AFCON ya Ivory Coast. Alirudi katikati ya Februari dhidi ya Brentford, akafunga bao, kisha msuli ukamsumbua akakosa mechi zilizofuata, ikiwemo fainali ya Kombe la Ligi.

Basi nijue vipi kwamba niko tayari?

Mimi hudai haya. Ukibonyezwa pale palipoumia, huhisi kitu. Zoezi la daraja kwa mguu mmoja, kisigino juu ya kiti, marudio 25 kila upande, bila upande ulioumia kuchoka mapema. Ukilala chali ukautupa mguu juu kwa haraka, goti limenyooka, huogopi. Ule wasiwasi wa kuuzuia katikati nauhesabu kama maumivu. Halafu mbio: asilimia 60, 70, 80, 90, huku ukipumzika siku moja kati ya siku za kasi, mpaka umekimbia kwa kasi yako yote mara kadhaa, siku mbili tofauti, na kugeuka na kusimama ghafla. Baada ya hapo unafanya mazoezi kamili na timu, ndipo mechi, tena kwa kuanzia dakika 20 au 30.

Kocha akikuambia "ingia tu, ukisikia kitu utoke", mwambie ukisikia kitu utakuwa umeshachelewa.

Kuna zoezi moja la kuzuia yasinipate?

Lipo, na ni bure. Linaitwa zoezi la Nordiki, limo hata kwenye FIFA 11+, mpango wa FIFA wa kupasha mwili na kuzuia majeraha. Timu zinazolifanya kwa uaminifu zimeonekana kupunguza majeraha haya kwa karibu nusu. Kunja jamvi au mkeka, piga magoti juu yake. Mwenzako ashike vifundo vyako vya miguu kwa uzito wake wote. Mwili uwe mstari mmoja kutoka goti hadi bega, usivunje kiuno kama anayerukuu. Sasa jiachie kwenda mbele polepole, ukizuia kwa nyuma ya paja, mpaka ushindwe. Mikono ikupokee, jisukume urudi juu. Mara ya kwanza utaanguka kama mnazi uliokatwa. Ni kawaida.

Wiki ya kwanza fanya siku moja tu, mizunguko miwili ya marudio matano. Wiki ya pili siku mbili, sita sita. Ongeza taratibu. Ukianza na mizunguko mitatu ya kumi kwa ushujaa, kesho yake hutakaa chooni. Na usilifanye siku moja kabla ya mechi.

Ongeza na mbio za kasi kila wiki, fupi, baada ya kupasha mwili vizuri. Anayekimbia kwa kasi yote siku ya mechi tu anaushtua msuli kila Jumapili.

Mimi nakimbia marathoni. Naumwa chini ya tako, sikumbuki kuumia.

Hiyo huenda ni kano iliyochoka pale inaposhika kwenye mfupa wa kukalia. Inauma ukikaa muda mrefu kwenye daladala, ukipanda kilima, na asubuhi kwenye hatua za mwanzo. Ukipata joto inapungua, halafu inarudi usiku. Haiponi kwa kupumzika tupu. Punguza vilima na kasi, acha kujinyoosha kwa kuinama, weka kitambaa au mto mdogo unapokaa, na ujenge nguvu kwa uzito polepole. Hesabu miezi, tatu au zaidi.

Lakini kama maumivu yanaanzia mgongoni na kushuka kama umeme, au yanaongezeka ukikohoa, tukague mgongo kwanza. Wapo waliochuliwa paja mwaka mzima wakati tatizo lilikuwa kiunoni.

Supu ya kongoro inasaidia?

Inasaidia njaa. Msuli unahitaji protini ya kutosha kila siku: mayai, dagaa, maharage, samaki. Na usingizi. Kongoro kunywa kwa raha zako.

Nina miaka 46. Niache mpira?

Mimi nina 48 na sijaacha. Umri unaongeza hatari, hilo halina ubishi, kwa hiyo nimebadilisha mambo machache: nafika uwanjani nusu saa kabla, Jumanne na Ijumaa nafanya Nordiki sebuleni huku binti yangu wa kidato cha pili akinishika miguu na kunihesabia kwa dharau, na nimehamia beki ya kati, ambako mipira mirefu naiona ikija.